Gari Lililofumbuliwa Macho Bulengera

Benchi la Mama Kavuo liko Bulengera, mjini Butembo, kwenye kona ambapo barabara ya udongo inapanda kwenda sokoni. Ni ubao mmoja juu ya matofali, unaotosha watu wanne wakikubali kubanana. Mbele yake kuna mbabula, jiko la makaa, na birika la kahawa. Nyuma yake, juu ya rafu, kuna televisheni ndogo. Umeme haufiki kwenye kona hiyo, kwa hiyo televisheni hula betri ya gari. Desturi ya benchi inajulikana: siku ya mpira, yeyote mwenye betri isiyo na kazi anaileta, na anakunywa kahawa bure mpaka mechi iishe. Jumatatu hiyo asubuhi rafu ilikuwa na televisheni bila betri. Hatua chache kutoka hapo, mbele ya nyumba ya Issaka, lilisimama gari la rangi ya kijivu, mlango wazi, na miguu ya Issaka ikitokeza chini ya usukani.

Gari halikuwa lake. Lilikuwa la Yassini, kaka mkubwa wa mkewe Sifa, mfanyabiashara wa Beni ambaye watu wa benchi walimjua kwa jina tu. Wiki iliyotangulia Yassini alipita Butembo akienda Lubero kununua viazi. Hakutaka kuliingiza gari dogo kwenye matope ya njia hiyo, akapanda lori na kumwachia Issaka ufunguo. Issaka hakuwa na kazi tangu gari alilokuwa akiendesha liuzwe. Yassini alimwambia waziwazi: akirudi na kulikuta gari salama, atampa alifanyie kazi ya abiria kati ya Butembo na Beni. Akilikuta na kasoro, atatafuta dereva mwingine.

Issaka angeweza kuliosha tu na kungoja. Badala yake alitaka kumfurahisha shemeji yake. Gari lilitoka Japani, la aina ya bei nafuu: usukani hauna vitufe, nyuma hakuna kamera. Kwenye video za simu alijifunza kwamba kiwanda huacha nyaya zote tayari ndani, hata kwa mnunuzi wa bei nafuu. Kinachokosekana ni vitufe, kamera, na amri kwenye kompyuta ya gari. Vitu hivyo alivipata uani kwa fundi mmoja, kwenye gari la aina ileile lililogongwa. Ijumaa alianza kuvifunga, na Jumapili jioni akamaliza. Jumatatu asubuhi alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, na kwa simu yake akaiambia kompyuta kwamba sasa gari lina jicho. Kisha akabonyeza kitufe cha kuwasha injini.

Taa zote za dashibodi ziliwaka, nyekundu na za njano. Injini haikuguna.

Wa kwanza kutoa maoni alikuwa Gracien, ambaye wanamwita Volant, yaani usukani, kwa sababu anaendesha teksi kuukuu isiyo na kompyuta yoyote na anajisifu kwa hilo.

— Mbele ya yote, batri, alisema. Gari ikikataa, tunaanzaka na batri.

— Batri iko mupya, Issaka alijibu kutoka chini ya usukani. Shemeji aliinunua Beni, haina ata mwezi. Na taa si unaona zinawaka?

Zilikuwa zinawaka, kweli. Suala la betri likaachwa, na likaachwa haraka. Kando yake kwenye ubao, Musafiri alitazama ndani ya kikombe chake. Syauswa alitazama barabara.

Musafiri wanamwita Douane, yaani forodha. Alifanya kazi miaka mingi kwa wakala wa mizigo huko Kasindi, na hajui ugonjwa wowote duniani usioanzia mpakani.

— Shida yako haiko ya mécanique, Issaka. Iko ya douane. Hii gari iliingia Kasindi namna gani?

— Na magurudumu, alisema Gracien.

— Iliingia bila kamera. Na karatasi yake inasema: bila kamera. Sasa ile déclaration haiko mu karatasi tu, iko na mu ordinateur, kompyuta ya gari. Weye unaongeza kamera. Gari inajiangalia, inaona haifanane na karatasi yake. Inasimama. Ingekuwa mutu, tungesema eko mwaminifu.

— Donc nifanye nini, mukubwa?

— Uirudishe Kasindi. Itoke, iingie tena.

— Itatoka namna gani na haiwake?

— Mutaisukuma.

Syauswa alitikisa kichwa kwa huruma. Yeye wanamwita Satellite. Anauza vocha za simu, na kwa maoni yake kila kitu kinachotokea Butembo kinaonekana kwanza kutoka juu. Alieleza kwamba Japani kuna mzee mmoja aliyekaa mbele ya kioo kikubwa, na kila gari lililotoka kiwandani lina taa yake pale.

— Asubuhi hii taa ya Bulengera imebadilika rangi, alisema. Muzee anauliza: huyu alilipa kamera? Banamuambia: hapana. Anafinya kabouton, kitufe kimoja tu. Ndiyo kusema gari imefungwa toka kule.

— Muzee moja kwa magari ya dunia yote? aliuliza Mama Kavuo.

— Banapokezana, mama.

Ubishi ukapanda. Musafiri alitaka kujua mzee huyo analipwa na nani na kama ana kibali. Syauswa alidai kwamba hata redio za zamani zilikuwa zikitazamwa, ila kwa macho mabovu. Gracien aliwaacha wachoke, akaomba kahawa nyingine, akaweka kikombe gotini.

— Muko mbali, bandugu. Munasikia? Hii gari tangu itoke kwabo haikuwa na macho. Ilikuwa inawaza ingali Japani, mu lami. Ikipiga shimo, inasema ni bahati mbaya. Leo Issaka anaifumbula jicho. Inaona nini mara ya kwanza? Barabara ya Bulengera. Mashimo, mbuzi, na Musafiri. Ata weye ungesimama.

Benchi zima lilicheka, Musafiri naye. Hata mguu mmoja wa Issaka ulitikisika. Lakini alipotoka chini ya usukani uso wake haukuwa wa kicheko. Alikuwa na bisibisi mkononi.

— Natoa byote, alisema. Narudisha volant ya zamani. Shemeji aikute vile aliiacha.

— Ukitoa na ikakataa bado? Mama Kavuo aliuliza.

Issaka aliifuta bisibisi kwenye suruali. Alisema tu kwamba Sifa alimkanya siku ya kwanza: usiguse kitu cha kaka yangu. Naye alimjibu kwamba kaka yake atashukuru. Sasa Sifa alikuwa ndani na hakuwa amefungua dirisha asubuhi nzima. Yassini alikuwa amepiga simu kutoka njiani. Lori lake lilikwama, angefika saa yoyote kwa njia nyingine. Issaka alirudi chini ya usukani, na benchi likasikia skrubu ya kwanza ikilegea.

Hapo ndipo pikipiki ilipomshusha mtu kwenye kona. Koti lake lilikuwa na matope, na viatu vilikuwa na matope zaidi. Alisalimia, wakasogea, akakaa mwisho wa ubao. Mama Kavuo akammiminia kahawa. Mgeni aliuliza gari lile lina nini.

Swali kama hilo haliulizwi mara mbili pale. Walimweleza yote, kila mmoja kwa zamu yake: mpaka, mzee wa Japani, jicho na mashimo. Mgeni alisikiliza bila kukatiza. Musafiri, kwa kumwonea Issaka huruma, aliongeza habari ya mwenye gari.

— Ni shemeji yake wa Beni. Mutu mukali, banasema. Akikopesha mutu mwamvuli, anauliza mvua ilinyesha ngapi.

— Banasema vile? alisema mgeni.

— Mi sijamuonaka. Lakini banasema.

Mgeni alikunywa kidogo. Macho yake yalikuwa yamepanda kwenye rafu. Kutoka nyuma ya televisheni zilining'inia nyaya mbili zenye meno ya chuma kwenye ncha, hazikushika kitu.

— Televizio yenu inakulaka nini?

— Batri, papa, alisema Mama Kavuo. Huku courant hakuna.

— Na Samedi mulitazama mpira?

Jumamosi walitazama, ndiyo. Syauswa alitaja matokeo, akataja na ya Jumapili, mechi zote mbili, pamoja na muda wa nyongeza.

— Vizuri, alisema mgeni. Na batri ya nani?

Gracien aligundua kwamba kikombe chake kina machicha ya kahawa chini. Musafiri alifunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa. Chini ya usukani bisibisi ilianguka, kisha Issaka akatoka kinyumenyume, polepole. Aliona kwanza viatu vyenye matope, halafu koti, halafu uso.

— Shemeji, alisema. Karibu.

— Asante, shemeji. Gari inaendelea namna gani?

Musafiri alisimama kumpisha nafasi, ingawa Yassini alikuwa amekaa tayari.

Maelezo yalitoka vipandevipande. Ndani ya usukani kuna baloni, mfuko wa hewa unaofutuka gari likigongwa, na anayefungua usukani huku betri ikiwa imeunganishwa anaweza kufutukiwa usoni. Kwa hiyo Ijumaa Issaka aliondoa betri kwanza, kama video ilivyomwagiza. Jumamosi betri ilikuwa imekaa chini ya dirisha, mpya, bila kazi, na mpira ulikuwa unaanza. Alifanya kile ambacho mtu yeyote wa benchi hilo angefanya. Televisheni iliila Jumamosi, ikaila Jumapili. Jumatatu alipoirudisha garini, mabaki yake yalitosha kuwasha taa ndogo za dashibodi, si kuzungusha injini. Na gari la siku hizi likikosa nguvu halisemi lina njaa. Linalalamika kwa wakati mmoja kuhusu breki, milango na usukani, kama limevunjika kila mahali.

— Mi nilisema batri, alinong'ona Gracien.

— Ulisema, kisha ukanyamaza, alisema Mama Kavuo. Leta teksi yako.

Gracien aliisogeza teksi pua kwa pua na gari la kijivu, akatoa nyaya. Issaka alifunga ncha moja baada ya nyingine, akikagua rangi mara mbili kila alipogusa. Wakangoja kidogo, teksi ikinguruma. Kisha akaingia, akakanyaga breki na kubonyeza.

Injini iliwaka. Taa za dashibodi zikakaa kidogo, halafu zikaanza kuzima: ya breki, ya usukani, ya milango, ya baloni. Ya mwisho, ya njano, ilisita mpaka Syauswa akaanza kutabasamu kuhusu mzee wake. Nayo ikazima. Issaka alishuka, akakaa chini palepale barabarani, mgongo kwenye gurudumu, akajipangusa uso kwa mkono wenye grisi. Kule nyumbani dirisha lilifunguka.

Yassini aliingia, akashika usukani, akapitisha kidole gumba juu ya vitufe vipya. Akaweka gia ya kurudi nyuma. Kioo cha picha katikati ya dashibodi kikaonyesha benchi la Mama Kavuo, na watu wa benchi, waliokuwa wamesogea kuchungulia dirishani, wakaona birika lao na mbabula yao kama kwenye televisheni. Yassini alikigusa kioo kwa kidole.

— Nani alikuambia uweke hii?

— Hakuna mutu, shemeji. Nilipaswa kukuuliza mbele. Nilikosa.

— Ulipaswa.

Injini iliendelea kunguruma. Yassini alitazama nyuma, halafu mbele.

— Ile alama ku pare-chocs, bampa ya nyuma, uliiona?

— Niliiona, shemeji. Niliwaza ilikuja nayo toka Japani.

— Ni nguzo ya soko, Beni. Nikirudi nyuma, mara mbili, ile ile nguzo. Sikumuambia mutu, ata muke wangu. Ulitoa batri mbele ya kufungua volant?

— Ndiyo, shemeji. Niliogopa ballon.

— Pale ulifanya akili. Kisha ukapelekea batri mpira.

— Ndiyo, shemeji.

Yassini alishuka. Watu wa benchi walimtazama akizunguka mbele ya gari, akipita kati ya pua mbili, mpaka upande wa pili. Akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha abiria, akaweka miguu yenye matope juu ya gazeti ili asichafue.

Issaka alikuwa bado amekaa chini karibu na gurudumu.

— Unangoja abiria? Yassini aliuliza kupitia dirisha. Wa kwanza amekwisha ingia.

Issaka aliaga kwa kuinua mkono kuelekea dirisha la Sifa. Gracien aliondoa nyaya zake akiwa na heshima ambayo haijaonekana kwake kabla. Mama Kavuo aliinamisha birika juu ya kikombe cha Musafiri; yalitoka matone mawili, likawa tupu. Issaka aliingia nyuma ya usukani, akafunga mkanda na kujaribu kitufe kimoja kwenye usukani, kile cha kati.

Sauti ya mwanamke ilitoka ndani ya dashibodi, ya adabu, kwa Kijapani. Ilisema maneno machache, ikapanda mwishoni kama mtu anayeuliza, ikanyamaza.

Syauswa alisema kwa sauti ya chini kwamba ni mzee, amemtuma binti yake. Musafiri alisema anadai déclaration. Mama Kavuo aliwauliza kama kuna anayejua Kijapani; hakukuwa na anayejua.

— Nawaza anauliza tunaenda wapi, alisema Issaka.

Yassini aliinama kuelekea usukani, taratibu, kama mtu anayeongea na mgeni nyumbani kwake.

— Beni, aliijibu.