Historia ya Mama Futa, Mpanga Uzalishaji wa Kiwanda cha Nondo

Ndugu waombolezaji, tunayemlilia leo ni dada yetu mkubwa, ambaye kiwandani mlimwita Mama Futa, naye akaitika bila kinyongo. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana aliyofanyia kazi baba yetu, na tangu utotoni alikuwa mbishi, hakubali jambo mpaka alione kwa macho yake.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1981, sekondari mwaka 1987, akahitimu uhandisi mwaka 1992, na tarehe 1 Februari 1993 akaajiriwa kiwandani, katika ofisi ya kupanga uzalishaji, yenye dirisha linalotazamana na tanuru. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na fundi umeme wa kiwanda hicho, wakajaliwa binti na mvulana, waliokua wakijua kwamba kuacha taa ikiwaka katika chumba kitupu ni kesi.

Enzi hizo oda zilipangwa kwa kumfuata mteja mwenye kelele, leo nondo nene, kesho nyembamba, kila badiliko mashine zikisimama na tanuru likiunguza mafuta bure, naye akapanga oda za unene mmoja zifuatane, mafuta yakapungua, akaazimia kuliandika jambo hilo katika jarida la kitaaluma ili viwanda vingine vinufaike. Jarida la kwanza lilimkatalia mwaka 2015, likisema ameleta ripoti ya ofisi, la pili nalo likamrudishia makala, akajikaza, akajifunza kuanza na swali, kuwasoma waliomtangulia, na kueleza njia yake kiasi kwamba mgeni aweze kuirudia, kisha akawa anawafundisha wahandisi vijana kila Jumamosi, akikata aya zao na kusema futa, futa, ndipo jina likamganda.

Lililomgharimu zaidi ni wiki moja ya Agosti 2019, alipoufululiza mpango wake bila kuacha nafasi ya matengenezo, rola zinazobana chuma kuwa nondo zikavunjika, chuma kikaharibikia ndani ya tanuru. Profesa aliyeandika naye alimsihi aiondoe wiki hiyo kwenye makala, na dada, aliyefuta sentensi za kila mtu, hiyo akagoma kuifuta, akisema atakayeufuata mpango bila kuijua wiki ile atavunja rola zake na kumlaumu fundi. Profesa akajitoa, sisi wadogo zake tukamwomba alegeze kamba, hakulegeza.

Novemba 2022 aligundulika na saratani ya matiti, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi, na maswali ya wahakiki wa jarida la tatu aliyajibu akiwa wodini, shemeji akimshikia kompyuta, hadi makala ilipochapishwa Machi 2024, wiki ile mbovu ikiwemo, nasi tukalia kwa furaha. Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, alituacha, na inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipowasahihishia matangazo ya ukutani, majirani waliopokezana kumpikia, na wafanyakazi wenzake. Uongozi ulitaka kulizima tanuru leo ili wote mje, lakini dada alikuwa amemwachia mumewe neno, kwamba kulizima kwa ajili ya mazishi na kuliwasha upya kutakula mafuta mengi kuliko kuliacha likiwaka, na kwamba yeye asifanywe sababu, kwa hiyo mkiona wenzenu wa zamu ya mchana hawapo, msiwanung'unikie, wako kazini kwa amri yake.

Dada yetu, amani iwe nawe, pumzika.