Hosiana Mbwambo Aukabidhi Ukumbi

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Hosiana Mbwambo anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuutumikia Ukumbi wa Mikutano wa Tegemeo, hapa Morogoro Mjini. Aliingia mwaka 1992 akiwa mhudumu wa chai, akawa karani, na tangu mwaka 2004 ndiye mratibu wa mikutano na sherehe. Anatoka akiwa na afya njema, meno yake yote, na sauti ile ile inayofika getini bila kipaza sauti.

Kuna wenye vyeti humu ndani ambao wangeandika haya vizuri zaidi. Lakini Hosiana mwenyewe alisema aandike Mwajuma wa jikoni, yaani mimi, maana Mwajuma hatamsifia uongo. Basi tuanze na ukweli: ni mkaidi, akiwa na njaa hasikii la mtu, na aliwahi kumtoa nje mpiga picha wa harusi kwa sababu alisimama mbele ya mama mzazi wa bwana harusi. Nayasema kwa mapenzi.

Na nitasema kilichomnyima raha mwaka huu mzima. Alihofia kwamba siku akitoka getini, kazi yake nayo itatoka naye. Wenye ukumbi walikuwa wameshasema: Yasmin, binti aliyekuwa akimfundisha, apewe mkutano mmoja mkubwa mwezi wa Mei ausimamie peke yake. Akiweza, nafasi ya Hosiana ni yake. Akishindwa, uratibu utapewa kampuni kutoka Dar es Salaam na Yasmin arudi mapokezi. Hosiana aruhusiwe kuwepo, ila asiguse kitu.

Kumwambia Hosiana asiguse kitu ni kuiambia mvua ya masika isubiri. Ili mjue kwa nini, lazima niwaeleze alivyokuwa akifanya kazi.

Mimi nilimfahamu akiwa amesimama mlangoni kwangu huko mlimani, juu ya Mzinga, saa ya mkononi kaishika kiganjani. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa uratibu. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, huoni zizi, huoni njia, na yeye akatokea humo ndani taratibu, viatu mkononi, kama mtu niliyekuwa namwota. Alikuwa anaandaa mkutano wa vijiji vya milimani kuhusu vyanzo vya maji, na barua zilikuwa zinasema saa tatu asubuhi. Yeye akataka kujua mwanamke wa nyumba ya mbali kuliko zote anatumia muda gani kufika ukumbini.

"Tembea kama unavyotembea siku zote, dada," akaniambia. "Usinionee haya."

Nikatembea. Kwa jirani tukasalimia. Kwenye kijito tukasalimia waliokuwa wanafua, na waliokuwa wanawasubiri waliokuwa wanafua. Njia panda palikuwa na mgonjwa, tukaingia kumpa pole, tukapewa viazi. Hosiana yuko nyuma yangu anaandika. Tulipofika mjini akanisomea karatasi yake: kutembea, saa mbili na robo; salamu, dakika arobaini. Mkutano ukasogezwa mpaka saa tano. Tangu hapo hakuna ratiba iliyotoka Tegemeo bila muda wa salamu ndani yake, na wageni wa nje walioona ajabu mwanzoni waliishia kuomba nakala.

Siku ya mkutano nilikula wali wa ukumbini, nikamwambia wali ule haufai kupewa hata mtu aliyekukosea. Wiki iliyofuata akatuma gari. Dereva akasema, "Amesema uje upike wewe, uache kulalamika." Nimepika miaka ishirini na moja. Mimi ni mzabuni tu, sina tarehe ya kustaafu, kwa hiyo msinipange kwenye keki.

Kazi yake yote ilikaa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila shughuli ina ukurasa: kwa nini tunakutana, nani anafanya nini, lini, na ikiharibika tunafanyaje. Wataalamu waliokuja kutoka Mzumbe walituambia hilo ni somo zima chuoni, linaitwa usimamizi wa miradi. Hosiana alifurahi kusikia kwamba lina jina.

Mteja akija kukodi ukumbi, kabla ya kuulizwa idadi ya watu aliulizwa hivi: watu wakishaondoka, kitakuwa kimebadilika nini? Wengi walikodoa macho. Kuna umoja mmoja walikuja wanataka siku tatu, mahema, na ngoma. Walipotoka ofisini kwake walikuwa wanataka asubuhi moja na meza ya duara. Meneja, Bwana Godfrey, alinuna wiki nzima. Lakini umoja ule umerudi kila mwaka, na wanakuja wanacheka.

Jambo la pili alijifunza kwa aibu. Mwaka 1999, akiwa karani, mlinzi alijua ufunguo wa ukumbi anao Hosiana, na Hosiana alijua ufunguo anao mlinzi. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti, koti liko kwa dobi. Wageni mia tatu wa harusi walikaa kwenye majani, na bibi harusi akaegemea boneti ya pikapu mpaka gauni likaota mstari wa vumbi mgongoni. Tangu hapo kila kazi ina jina la mtu mmoja. Mtu akisema kazi fulani tutafanya sisi sote, Hosiana alichukua kalamu na kuuliza kwa upole kabisa: "Sisi Sote ndiyo nani? Anakaa mtaa gani? Nipe namba yake ya simu."

Mimi darasa sikulijua. Kusoma nimesomea kwenye daftari lile lile, maana ilibidi nilitambue jina langu. Neno la kwanza maishani mwangu kulisoma ni Mwajuma, na la pili ni maji, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yameandikwa mbele yake: maji ya kunywa, Mwajuma. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini. Hosiana hakupiga makofi. Alisema, "Sawa, sasa huna kisingizio."

Nikifumba macho nikimfikiria, hata hivyo, namwona kwenye ule mkutano ambao vijana waliupa jina mkutano wa majini, kwa kuwa wageni wake hawaonekani. Kila alasiri ya kuamkia shughuli, viti vikishapangwa, Hosiana alitukusanya tuupitishe mkutano wote bila wageni. Anaanzia getini kama mgeni, anasoma kibao, anatafuta choo, anakwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa pembeni ya nguzo aone kama msemaji anaonekana. Hafidhi, dereva wetu, alikuwa mgeni rasmi wa kudumu. Amekwisha kutuahidi lami hadi kileleni. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikao na nilifunga mijadala vizuri kuliko wenyeviti wengi.

Tulicheka, kisha kicheko kilikuwa kinaisha chenyewe. Masika wingu huingia kwa madirisha ya upande wa mlima, linatambaa kati ya safu za viti, na Hosiana anapita humo polepole, anagusa mgongo wa kiti kimoja kimoja, midomo inacheza. Ungeapa watu wameshafika. Alikuwa anamwona mzee asiyesikia vizuri akae wapi, na mama mwenye mtoto mchanga atokee mlango upi. Kesho yake mzee yule anakuja kweli, anakaa pale pale, na hajui kuna mtu aliyekwisha kumwota.

Sasa turudi kwenye mwezi wa Mei. Ulikuwa mkutano mkuu wa wakulima wa viungo wa milimani, watu mia mbili na arobaini. Yasmin alikwenda mpaka nyumba ya mbali kuliko zote, akahesabu salamu. Aliandika majina. Alipitisha mkutano wa majini, nami nikauongoza. Hosiana alipewa kiti kwenye kibaraza, pembeni yangu, na kazi yangu mimi ilikuwa moja na iliandikwa daftarini kwa mwandiko wa Yasmin: kumshikilia mama, Bibi Mwajuma.

Daftari la Hosiana lina kurasa nyingi za mgeni rasmi kuchelewa. Akichelewa nusu saa kuna kwaya, akichelewa saa moja kuna chai, akichelewa saa mbili kuna kwaya na chai. Ratiba ilisema saa nne, na sisi sote tulijua atafika saa sita. Siku ile mgeni rasmi alifika saa mbili na nusu asubuhi.

Mashuka ya meza yalikuwa bado mabegani mwa Yasmin. Fundi wa vipaza sauti hajafika. Wakulima wenyewe walikuwa bado huko juu ndani ya wingu, wanasalimiana kwa mujibu wa ratiba. Bwana Godfrey akaanza kutembea huku na huku bila kwenda popote. Mimi nikasikia kiti cha jirani yangu kinalia, nikakamata pindo la kanga yake.

Yasmin akamwendea mgeni na mashuka yake mabegani. "Shikamoo mheshimiwa. Karibu sana. Hatujawa tayari."

"Nimewahi," akasema yule bwana, kama anayeomba radhi.

"Umewahi, ndiyo. Nina sofa ofisini, na nina Kosta inayoondoka sasa hivi kuwapokea wakulima kule njia inapoishia. Wao ndio wenye mkutano. Ukipenda, chagua."

Mgeni akalitazama gari, akamtazama Yasmin, akapanda. Hafidhi, aliyekuwa mgeni rasmi kwa miaka yote ile, akamfungulia mlango wa mbele kwa heshima kubwa, kisha akasogeza magunia matupu apate pa kuweka miguu.

"Mwajuma, niachie," Hosiana akasema.

"Sikuachii."

"Amempakia mgeni rasmi na magunia."

"Nimeona."

"Hilo kwenye daftari halimo."

"Ndiyo maana nimekwambia kaa, mwanangu."

Akakaa. Mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni. Saa moja na nusu tulikaa hivyo, mimi nimeshika pindo, yeye anatazama mlima ambao haukuwepo, kuna weupe tu. Aliniuliza mara moja kama bwana yule alikuwa na uso wa mtu wa kukasirika. Nikamwambia ukweli, kwamba ndiyo, alikuwa nao. Mle ndani tulimsikia Yasmin akiita majina, jina moja moja na kazi yake, bila kupandisha sauti. Fundi akafika. Mashuka yakatandikwa. Maji yalikuwa mezani kabla mtu hajayaulizia.

Saa nne na dakika tano Kosta ikatokea kwenye wingu, taa zinawaka, na nyuma yake nyingine mbili. Mgeni rasmi alishuka na tope hadi kwenye ugoko, ameshika mwavuli wa mtu mwingine, bado anabishana na mzee mmoja juu ya namna ya kukausha iliki masika. Kumbe huko chini ya mlima alishuka garini, akapanda kwa miguu kuwafuata, akasalimiwa dakika zake zote. Alipoitwa kuhutubia alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akasema tu: nyinyi mmeniambia njiani kwamba mnaozesha gunia moja katika kila matatu; tuanze hapo. Na walianza hapo. Wanawake waliozoea kusikia hotuba ndefu wakiwa wamebeba usingizi walinyoosha mikono mpaka mwenyekiti akakosa wa kumnyima. Kufikia mchana ilikuwa imekubaliwa mabanda matatu ya kukaushia yajengwe wapi, na kila banda lilikuwa na jina la mtu mmoja.

Bwana Godfrey akatoka kibarazani kuniambia kwamba wenye ukumbi wameona, na barua ya Yasmin itaandikwa Jumatatu. Nikageuka nimpe Hosiana habari.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea nguzo, mdomo wazi kidogo, mikono imefunguka mapajani, imepata joto. Ndani watu mia mbili na arobaini wanapiga makofi, wingu linapita juu ya miguu yake, naye hakutikisika. Nikaachia pindo la kanga. Yasmin alikuja mbio akiwa na swali, akamwona, akasimama, akarudi ndani kulijibu mwenyewe.

Jioni wageni walipokwisha kuondoka, vijana walibebanisha viti vyote vya Tegemeo, wakafagia, wakafunga madirisha ya upande wa mlima. Wakabakiza kiti kimoja pale kibarazani, na wote wakapita mbali nacho wakitembea kwa ncha za vidole.

Ahsante, Hosiana, kwa kila mgeni uliyempangia mahali kabla hajafika. Uongozi, wafanyakazi wote wa Tegemeo na jiko zima tunakuombea kwa Mungu asubuhi ndefu zisizo na ratiba, na watu wa kusalimiana nao kila njia panda. Ukija kututembelea, njoo saa yoyote. Usilete daftari.