Tamthilia Moja Ambayo Dympna Loughrey Hakuionyesha

Ijumaa tarehe 30 Septemba 2016, Dympna Loughrey atakabidhi funguo za Ukumbi wa Kinu baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Funguo zenyewe ni mbili. Mmoja haufungui mlango wowote tunaoujua, na kila akiulizwa ni upi, anasema tutaugundua wenyewe akishaondoka.

Alizaliwa hapa hapa Carrickmoyle, ng'ambo ya juu ya mto. Baba yake alikuwa fundi saa, na mama yake alisokota kitani ndani ya jengo hili lilipokuwa bado kinu cha nyuzi. Alianza maisha kama mwalimu wa shule ya msingi. Hakudumu. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba watoto wake wanamsikiliza kweli kweli lakini hesabu hawajui, akamshauri atafute kazi ambayo kusikilizwa kunatosha. Mwaka 1979 kinu kilikuwa kimefungwa na njiwa wameshahamia. Dympna akaomba ghorofa ya chini ili afanye maigizo, na wenye jengo wakampa kwa sababu hawakuamini kama kuna mtu angekuja.

Walikuwa na haki ya kutoamini. Siku zile mji wetu ulikuwa na kila kitu viwili viwili: mabucha mawili, madaktari wa meno wawili, vituo vya basi viwili, ingawa basi lilikuwa moja. Wakatoliki wa juu hawakuwa na shughuli huko chini, na Waprotestanti wa chini hawakuwa na shughuli huko juu, isipokuwa kwenye msiba. Kwenye msiba mtu wa upande wowote aliruhusiwa kuingia nyumba yoyote, akamtazama marehemu, akanywa chai, akasema amelala vizuri, akaenda zake. Dympna hakukosa msiba hata mmoja. Wengi walidhani ni mcha Mungu. Kumbe yuko kazini. Sehemu kubwa ya maneno mazuri mliyoyasikia jukwaani kwetu yalisemwa kwanza jikoni mwa mtu, karibu na birika.

Katika kugawa sehemu za mchezo alikuwa na kanuni moja: hakuna mtu anayeigiza upande wake. Ndivyo Mervyn Acheson, mwenye bucha la ng'ambo ya chini na mpiga ngoma wa gwaride la Waprotestanti la kila Julai, alivyojikuta amevaa kanzu ya padri. Wenzake walimfuata hadi dukani.

"Mervyn, tunasikia siku hizi wewe ni padri."

"Jumatano na Ijumaa tu," akajibu huku anakata soseji. "Siku zilizobaki mtanikuta hapa."

Katika onyesho la kwanza alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. Bibi mmoja wa safu ya tatu akamwambia bila kupunguza sauti, "Mkono mwingine, baba." Mervyn akaomba radhi, akarudia, na ibada ikaendelea.

Onyesho hilo, la Machi 1981, linakumbukwa zaidi kwa mapumziko yake. Kina mama wa ng'ambo ya chini, wakiongozwa na Bi. Thelma Gault, waliamua kuwalisha watazamaji wote. Mervyn alitoa nyama ya nguruwe, ile nzuri ya Krismasi, na kina mama wakatengeneza sandwichi tangu asubuhi. Wakazipitisha kwenye trei. Wakatoliki wakazipokea kwa adabu, wakashukuru, wakabaki wamezishika. Hakuna aliyekula. Walisimama ukumbi mzima, kila mtu na sandwichi yake mkononi, kama watu waliopewa mtoto wa jirani wamshikie.

"Wanadhani tumewawekea sumu," akasema Bi. Thelma, na tayari alikuwa anavaa koti.

Dympna alimkuta mlangoni. "Mama Gault, leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Hawali nyama. Anayekataliwa ni nguruwe, si wewe."

Bi. Thelma akavua tena koti. "Na ninyi nyote mkanyamaza? Mngeacha niende nyumbani na hasira hii miaka ishirini, kisa adabu?" Kisha akawageukia wenzake. "Nani ana mayai?"

Sehemu ya pili ya mchezo ilichelewa mpaka mayai yakachemka. Tangu hapo ukumbi huu haujapata kutoa sandwichi nyingine ila za mayai, na wanaolalamika wamekuwa wakielekezwa kwa Dympna.

Hayo yalikuwa mambo mepesi. Kulikuwa na mazito. Miaka ile ya mapigano baina ya pande hizi mbili, kila alipouawa mtu wa eneo letu, wa upande wowote, Dympna alisimama katikati ya daraja saa sita mchana, kimya, pamoja na yeyote aliyetaka. Kuna siku walisimama mia, kuna siku alisimama na mbwa wa mtu. Watu wa juu walimwita msaliti, watu wa chini wakamwita mnafiki. Vioo vya ukumbi vya upande wa juu vilivunjwa na watu wa juu, na vya upande wa chini na watu wa chini, kwa haki kabisa, na fundi wa vioo akasomesha watoto wanne. Hakuwahi kufuta onyesho. Alisema ukifuta moja, waliovunja watajua wameandika mwisho wa mchezo, na kuandika ni kazi yake yeye.

Februari 1984 aliuawa Ivan Gault, mtoto wa pekee wa Bi. Thelma. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, na jioni chache kwa wiki alivaa sare ya polisi wa akiba, polisi ambao wengi wa juu waliwahesabu maadui. Kwa sare hiyo watu wa upande wetu wa juu walimpiga risasi barabarani, maziwa yakiwa bado kwenye lori. Msiba ule wa polisi watu wengi wa juu waliuogopa. Dympna alikwenda, akaingia chumbani, akawa amesimama karibu wakati Bi. Thelma anazungumza na mwanawe ndani ya jeneza. Maneno aliyosema mama yule hayamo humu, na hayatakuwamo.

Dympna aliondoka nayo. Alirudi nyumbani akaandika tamthilia ambayo sisi wachache tuliowahi kuisikia ikisomwa mara moja, na hatujaisikia tena, tunaamini ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Alipoimaliza aliona kwamba maneno yaliyoibeba hayakuwa yake. Kwa hiyo kabla ya kumpa mwigizaji yeyote, aliichukua mkononi, akashuka kuvuka daraja, akamsomea Bi. Thelma yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha akamwomba ruhusa.

"Umeandika vizuri," akasema Bi. Thelma. "Hapana."

Dympna akakusanya karatasi zake.

"Halafu Ivan hakuwa anatia sukari kwenye chai. Rekebisha hapo."

"Nirekebishe ya nini, mama, na umeshakataa?"

"Sitaki imseme uongo, hata kama inakaa kabatini."

Mwaka uliofuata, Februari, alirudi na sukari imetolewa. Akanyweshwa chai, akakataliwa, akapewa mengine ya kurekebisha: namna Ivan alivyokuwa anacheka, wimbo aliokuwa anaukosea. Hivyo hivyo kila Februari. Tamthilia ile imekuwa ikinolewa mwaka hadi mwaka na mtu yule yule anayeikatalia, na Dympna mwenyewe anakiri kwamba siku hizi sehemu nzuri zote ni za Bi. Thelma.

Msidhani hakushawishika. Mwaka 1998, makubaliano ya amani yalipotiwa saini, wageni walikuja kutoka jumba kubwa la maigizo la mji mkuu. Walikuwa wamesikia habari zake. Walitaka tamthilia ile na si nyingine, na walimwahidi jukwaa ambalo mwandishi wa mji kama huu haliotei hata ndoto. Wakasema abadilishe majina na mji, hakuna atakayejua.

"Yeye atajua," akasema Dympna.

Wakasema sasa amani imekuja, mama ataelewa. Hilo lilimgusa, maana alikuwa ameipigania amani hiyo kwa miguu yake. Akashuka tena kuuliza, na mara hii, anasema, alikwenda na tumaini.

"Amani imekuja, nimeisikia redioni," akasema Bi. Thelma. "Ivan hakurudi nayo. Kunywa chai yako."

Wale wageni waliondoka na tamthilia ya mtu mwingine, ikasifiwa sana. Dympna alikwenda kuitazama, akapiga makofi, akarudi kwa basi.

Februari hii alipokwenda, Bi. Thelma akiwa na miaka themanini na sita na macho yamepungua, Dympna alimweleza kwamba anastaafu. Alisema hatakuja tena kumsumbua. Atakayeshika ukumbi hajui habari hii na hataambiwa, na tamthilia ataondoka nayo yeye, itakaa kwake mpaka basi. Alidhani anampa mama yule zawadi.

Bi. Thelma aliweka kikombe chini. "Nani kakwambia nimechoka kukukatalia?"

"Nilidhani utapumua, mama."

"Umestaafu ukumbi, wewe binti. Mimi hujanistaafu. Ile sehemu ya lori umeirekebisha kama nilivyokwambia mwaka jana?"

"Bado."

"Basi Februari uje nayo. Na usiniletee tena zile keki za dukani."

Aya hizi zinazomhusu Bi. Thelma, amesomewa nyumbani kwake, na ameruhusu zichapwe baada ya kutufutisha neno moja. Kuhusu tamthilia, alipoulizwa na sisi, jibu ni lile lile.

Dympna, vijana uliowafundisha sasa wanawaleta watoto wao. Wapo waliooana kwa sababu uliwapa sehemu za maadui katika mchezo mmoja, na wapo walio hai, tunaamini, kwa sababu jioni fulani walikuwa mazoezini kwako na si mahali pengine. Kwa hayo tunakushukuru, na kwa lile moja uliloweza kulionyesha na hukulionyesha tunakushukuru zaidi. Tunakuombea afya, bustani yenye jua la kutosha kwa jua la kwetu, na mapumziko mema ya miezi kumi na moja kila mwaka.