Kiti cha Nne

Njoni karibu, wanangu, mnisikilize bila kunikatiza, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha maneno haya tu. Lorne, andika ninavyosema mimi, si unavyodhani nilitaka kusema. Kaylee, mjukuu wangu, mpe shangazi yako Sonia chai, ameendesha gari mwendo wa saa tatu kutoka Saskatoon na tangu aingie hajaketi. Najua ngano imekauka shambani na mashine imesimama. Najua pia kwamba leo jioni timu yetu ya Regina inacheza na Winnipeg. Mimi ni mgonjwa, sijawa mjinga.

Kwanza ardhi. Shamba la kaskazini na lile la kando ya reli ni la Lorne, kwa kuwa ndiye aliyebaki kulima wakati wenzake wote wa rika lake walifungasha wakaenda mijini. Nyumba hii ni ya Sonia. Akitaka aiuze, akitaka aifunge panya wajitawale, mtu yeyote asimnunie. Picha za marehemu mama yenu Nettie mgawane wenyewe, ila ile ya harusi niwekeeni jenezani, na kanisani waambieni akina mama wasihangaike kupika mengi, viazi na kabichi vinatosha. Msinizike siku ya mechi. Delbert, rafiki yangu wa uwanjani, atalazimika kuchagua, na Delbert ni mzee, msimtese.

Mjomba wenu Metro sijasema naye miaka kumi na miwili, tangu alipohamia Winnipeg akabadili timu na rangi zake, akaja mezani kwangu siku ya Krismasi anakula pierogi za viazi alizopika dada yake huku kavaa kofia ya bluu. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake. Mpigieni simu, mwambieni nimemsamehe na naomba anisamehe. Aje anizike. Kofia aiache kwenye gari.

Sasa viti. Hapa ndipo penyewe, Lorne, usicheke.

Tuna viti vinne uwanjani Regina, safu ya ishirini na tatu, upande wa jua, na kila msimu tangu nikiwa kijana nimevilipia kabla sijanunua mbegu. Walipovunja uwanja wa zamani wakajenga mpya, tulihama wote pamoja, na Delbert aliyekuwa nyuma yetu akawa nyuma yetu tena, na lile tikiti maji lake analolichonga kila mechi akalivaa kichwani kama kofia ya chuma likaendelea kunidondoshea maji shingoni kama zamani, na nyigu wakija walianza na mimi. Na kila mapumziko mimi na yeye tulihesabu vichwa vyeupe safu kwa safu, tukaulizana swali lile lile ambalo hata nyinyi mmelisikia mpaka mkachoka: sisi tukiondoka, nani atakaa hapa?

Nililalamika sana, wanangu, Mungu anajua. Nililaumu Toronto, mji wenye watu mamilioni unaoshindwa kujaza uwanja mmoja. Nililaumu televisheni. Niliwalaumu Wamarekani na mpira wao, wa kubeba mikononi kama wetu ila wa watu kumi na mmoja badala ya kumi na wawili, na majaribio manne ya kusogea mbele, kana kwamba majaribio matatu hayamtoshi mwanamume kuonyesha alivyo. Niliililia shule yetu ya kijiji, ambako Lorne alicheza timu ya watoto sita kwa sababu kumi na wawili hawakupatikana, kisha sita nao wakakosekana, kisha shule yenyewe ikafungwa. Kaylee, usiifunike hiyo fulana kwa sweta. Nimeshaiona ni ya timu ya Marekani, na leo sina ugomvi nayo.

Nililaumu kila mtu. Nataka leo nimtaje mmoja niliyemruka.

Kaka yenu Darcy alikuwa na miaka kumi na tisa saratani ya damu ilipomchukua. Alikufa Februari, na wiki ile ile ya mazishi ikaja barua ya viti, viti vinne: changu, cha mama yenu, cha Darcy, cha Lorne. Mama yenu alisimama hapo mlangoni akaniuliza, "Orest, bado vinne?" Nikachukua kalamu. Nikaweka sahihi.

Nettie alidhani amenielewa. Sonia alikuwa na miaka kumi na miwili, miaka yote aliachwa kwa bibi yake siku za mechi kwa sababu hapakuwa na nafasi, na mama yake akamwambia, mwaka huu unakwenda. Mtoto akajipaka uso rangi ya kijani. Akasuka nywele kwa utepe wa kijani. Njia nzima hakunyamaza. Tukafika safu ya ishirini na tatu, akapita mbele yangu, akaketi kitini kwa Darcy, akaniangalia akicheka.

Nikamwambia, "Toka hapo. Hicho cha kaka yako."

Mbele ya watu, kwa sauti ambayo Delbert aliisikia na Delbert hasikii. Alitoka. Nikavua koti langu nikaliweka kitini. Sonia akaketi kwenye ngazi, kwenye saruji, robo zote nne za mechi, na mama yake alipotaka kumpa kiti chake akakataa, na rangi ile ilikuwa imemchuruzika mpaka kwenye kola. Niliona. Msije mkasema sikuona. Niliona, nikageuza uso nikatazama mpira.

Hakurudi tena uwanjani. Mimi nikaendelea kukilipia kiti kile miaka ishirini na tisa, na koti juu yake, na huku nikimuuliza Delbert vijana wameenda wapi. Nilimfukuza mmoja kwa mdomo wangu, na alikuwa mwanangu, na aliyekuwa amekufa hakuwa na haja ya kukaa.

Nimeumia, Sonia. Sikujua namna ya kusema. Kila ulipokuja Krismasi nilijiambia leo nitasema, kisha nikakuuliza barabara ilikuwaje.

Andika, Lorne: kiti cha nne ni cha Sonia, ni chake yeye peke yake, mpaka...

Unasemaje, Sonia? Sogea. Sikio hili limetangulia kufa.

Ah.

Mmesikia alichosema? Anasema, "Baba, mpira wenyewe sikuupenda hata siku moja. Hata sheria zake sikuzijua. Nilitaka kukaa na wewe."

Subirini kidogo. Nipeni maji.

Futa, Lorne. Futa hilo la kiti, piga mstari. Miaka yote hii nilidhani mwanangu ananidai kiti cha uwanjani, kumbe... futa tu.

Andika hivi. Viti vyote vinne vikae watu. Atakayetaka akae. Kaylee, mlete rafiki yako, hata na fulana hiyo, na Delbert atakufundisha bila wewe kuomba. Mtu asiulizwe anajua nini wala alikuwa wapi. Mkikosa watu, simameni pale kwenye pampu ya mafuta mumchukue yeyote mwenye mdomo wa kupiga kelele. Mpira wetu ukiisha na uishe, umenipa mengi, lakini usiishe kwa sababu kuna koti kitini.

Nendeni sasa. Mechi ni saa kumi na njia ni ndefu. Ngano itangoja, Lorne, usinitolee macho, hakuna mvua leo. Nendeni. Sitaki mnitazame nikihema.

Inameni kwanza. Mkono hauinuki... hivyo, vizuri. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awaepushe na mvua ya mawe. Awape watu wa kukaa nao, na awape akili ya kuwaona wangali wapo. Amina. Fungeni mlango taratibu.

Sonia, wewe baki.

Hapa. Karibu zaidi. Hapana, redio iache, watanisimulia kesho kama... iache.

Nishike mkono huu, ule mwingine una sindano. Niambie, mwanangu... huko Saskatoon, ukiamka asubuhi... unafanya nini? Sijawahi kukuuliza.