Treni ya Bati Isiyosema Uongo

Na ndivyo ilivyo, kwa wale mliokuwa mkibisha jana kwenye chai: kweli anaondoka, na treni anaondoka nayo. Ndugu Kibwana Mhando, fundi mkuu wa reli ya machimbo yetu ya mawe, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 6 Septemba 1974, baada ya kutumika hapa miaka ishirini na sita. Treni ninayoisema ni ile ndogo ya bati, inayotosha juu ya meza. Ile kubwa inabaki, na dereva wake ni Isihaka, aliyenioa mwezi uliopita na ambaye nitajitahidi nisimtaje katika kila aya.

Mzee Kibwana alikuja Korogwe kutoka Sindeni mwaka 1948, kijana mwenye mabega mapana na shati moja, akaanza kwa kubeba mataruma ya reli. Wakati huo machimbo yalikuwa ya kampuni ya wageni. Akawa mpakaji wa grisi, kisha fundi breki, na machimbo yalipokuwa mali ya umma akafanywa fundi mkuu. Reli yetu ni nyembamba, mtu anaivuka kwa hatua moja, na inatoka kwenye jabali hadi kwenye mashine ya kuponda kokoto. Lakini ndiyo iliyobeba mawe ya barabara na nyumba nyingi kutoka hapa hadi Handeni, na tangu akabidhiwe yeye hakuna mfanyakazi aliyepoteza hata kidole juu yake.

Treni ya bati aliianza alipovunjika mguu na kulazwa nyumbani. Alichukua debe la mafuta ya taa, akalikata, akaanza kutengeneza kichwa cha treni yetu na troli zake zote, inchi moja ya bati kwa kila futi moja ya chuma. Taa ya mbele ni kifungo cha kanzu yake ya Idi, ambacho mkewe, Bi Mwantumu, alikitafuta nyumba nzima. Breki zinashika. Troli zinabinuka upande wa kushoto tu, kwa sababu zetu nazo zimekataa upande wa kulia tangu zamani.

Mgeni akiitazama husema ni nzuri. Sisi tunajua kwamba uzuri haumo katika mipango ya Mzee Kibwana. Sharti lake ni moja: lolote linaloipata treni kubwa lazima liipate na ndogo, tena wiki hiyo hiyo. Tulipopata Uhuru, kichwa cha treni kilipakwa rangi ya kijani na matone mawili yakachuruzika chini ya dirisha. Yeye naye aliyachuruzisha matone mawili, kwa unyoya wa kuku. Baadaye aligundua kwamba kupaka rangi juu ya rangi kumeinenepesha treni yake kupita kiasi, akaikwangua yote akaanza upya. Bi Mwantumu anasema wiki hiyo hata uji ulikuwa na ladha ya tapentaini.

Mwaka juzi ng'ombe mmoja wa Mzee Meitamei, jirani yetu mfugaji, alijikuna kwenye kichwa cha treni na pembe yake ikaacha mkwaruzo mrefu. Sote tulidhani Mzee Kibwana atakwenda kugomba. Alikwenda na futi, akaomba kupima ncha ya pembe. Mzee Meitamei alimtazama sana, akamwuliza kama na ng'ombe naye anataka kumtengeneza. "Hapana, mzee mwenzangu," akajibu, "mimi nataka upana wa pembe tu." Waliagana vizuri, wakanywa na maziwa, lakini jioni ile ng'ombe huyo alilazwa zizi la ndani kabisa.

Mwaka jana akaalikwa kuipeleka treni yake kwenye maonyesho ya Saba Saba. Aliingoja siku ile kama mimi nilivyoingoja harusi. Alifuta vumbi, akang'arisha magurudumu, akashonesha na mfuko wa kuibebea. Safari ikiwa imekaribia, Isihaka alikuwa akirudisha treni nyuma huku macho yake yako kwenye dirisha la ofisi, ambako nilikuwa nimekaa nikipiga taipu, na akaugonga ukuta wa kupakilia mawe. Chuma cha nyuma kikapinda kama ndizi. Wengine walitaka kumla nyama. Mzee Kibwana alimwambia tu, "Mwanangu, mtu anaweza kumtazama mchumba bila kumgongea ukuta." Kisha akaenda nyumbani, akaitoa treni yake kwenye mfuko mpya, akaipiga nyundo mahali pale pale. Bi Mwantumu alitoka nje asione.

Waamuzi wa maonyesho walimpa pole kwa treni kuanguka njiani. Akawaambia kwa furaha kwamba haikuanguka, akataka kuwaeleza habari za ukuta na za ng'ombe pia, lakini walikuwa wameshasogea meza ya pili. Zawadi ilikwenda kwa trekta la mbao lenye rangi nyekundu ya kupendeza. Alirudi bila kinyongo. Alichosema ni kwamba dereva wa trekta lile ataendesha amesimama, maana hakuwekewa kiti.

Sasa nifike kwenye harusi, mniwie radhi. Siku nilipoolewa nilitolewa kwetu, upande wa pili wa jabali, hadi kwa bwana harusi ndani ya troli namba nne, iliyooshwa na kutandikwa mikeka, kanga za shangazi zangu zikipepea pande zote. Mzee Kibwana aliendesha mwenyewe, akisema bwana harusi huyu tunajua macho yake yanakokwenda. Hina yangu ilikuwa mbichi bado. Tulipofika konani nilijishikiza, na kiganja changu kikabaki kwenye ubavu wa njano wa troli namba nne.

Asubuhi yake, hatujanywa hata chai, alikuwa mlangoni na futi. Alama ilikuwa imeburutika kidogo pale konani, naye alitaka kujua jinsi vidole vyenyewe vilivyo. Kungwi wangu akasimama mlangoni. "Mkono wa bi harusi haupimwi na fundi wa treni, baba." Ikabidi akamlete Bi Mwantumu, ambaye aliingia na uzi akanipima kidole baada ya kidole, huku mumewe akiuliza kutoka uani kama gumba lilielekea juu au pembeni. Leo treni ya bati ina kiganja changu cha hina, kidogo kama punje ya harage, na kila nikikitazama najiona naolewa tena.

Uongozi ulimwomba aiache treni hiyo hapa, kwenye kabati la kioo. Alikataa kwa adabu. Kabatini, alisema, itapendeza wiki ya kwanza, na wiki ya pili itakuwa inasema uongo, maana nani atafungua kioo aikwaruze. Basi inakwenda naye Sindeni, kwenye nyumba yake mpya katika kijiji cha ujamaa. Lakini wiki nzima amekuwa mnyonge, akimwuliza kila apitaye: huko Sindeni atajuaje yaliyoipata treni ya huku? Nami nilikuwa na unyonge wangu. Nilimwuliza itakuwaje mvua za vuli zikikifuta kiganja changu. Alinitazama kwa huruma. "Kikifutika huku, mwanangu, nami nafuta." Nikambembeleza. Alinipa kiti, akanipa maji, na neno lake hakulibadili.

Mzee wetu, ahsante kwa reli iliyonyooka, kwa vijana uliowafundisha kazi, na kwa subira yako kwa dereva mmoja ninayemfahamu. Tunakuombea wewe na Bi Mwantumu mapumziko yenye afya, mahindi marefu na majirani wasiokuja kila siku na sufuria za kuziba.

Hili la mwisho ulisome ukiwa umekaa. Juzi Isihaka alikipaka vanishi kile kiganja cha troli namba nne, akarudia mara ya pili, ili vuli isikiguse. Hakuniambia. Niliinusa kwenye shati lake, na sikuweza kumaliza kulifua. Kwa hiyo kiganja cha treni kubwa sasa kinang'aa, na cha treni yako bado. Usiinuke kwenda kukipima leo, kula pilau kwanza. Kopo halikwisha, tumekuwekea lililobaki. Kabla mwezi huu haujaisha, Ramadhani ikiwa imeingia, tutakuja Sindeni mimi na Isihaka, tufuturu pamoja nanyi, tukuletee habari za kila mkwaruzo, na vanishi, na unyoya mmoja wa kuku.