Nyumba Namba Nne na Ishirini

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Profesa Bressan, walimu wote, wazazi wenzangu, na wewe jirani yangu Zofka uliyewahi kiti cha mbele: habari za mchana. Nimeambiwa niseme machache kuhusu mjukuu wangu Neža anayehitimu leo. Machache siyawezi, nivumilieni.

Neža alitunga programu ya kupima mizinga ya nyuki. Kwenye kompyuta yake ilisema asali kilo moja. Kwenye lile limashine kuukuu la hapa chuoni, asali ileile ikawa kilo mia mbili hamsini na sita. Nyuki gani hao, wana kwato? Profesa akamwambia, "Isipotoa jibu lilelile kwenye mashine zote mbili, huhitimu." Mtoto akaacha kula.

Nikasema, mlete huyo Profesa Jumapili nimlishe, atalainika. Nikampa Profesa anwani kwa simu: nyumba namba nne na ishirini. Sisi Waslovenia si ndivyo tunavyohesabu, kidogo mbele, kikubwa nyuma? Yeye Mtaliano, kwao ishirini hutangulia. Akaandika kama alivyosikia, nne halafu mbili. Na arobaini na mbili ni kwa nani? Kwa Zofka. Štruklji zangu, zile chapati za kukunja zenye jibini ndani, zinapoa mezani, Neža anachungulia dirishani, anaona gari la Profesa liko kwa jirani. Tukaenda.

"Zofka, mgeni wangu anafanya nini hapa?"

"Kaja na njaa, shoga. Nimdai pasipoti?"

Profesa naye, kijiko mkononi: "Mama, supu yako nzuri sana." Ananiambia mimi, na supu ni ya Zofka!

Mimi nafoka, Neža anacheka mpaka kakaa sakafuni. "Bibi, lile limashine halijakosea. Namba inakaa kwenye visanduku viwili, nalo linaanza kusoma upande wa pili. Kama Profesa na nyumba yako."

Basi akatia swali dogo kwenye programu. Programu inapoundwa kwenye mashine yoyote, kabla ya yote inaiambia mashine, niandikie moja. Halafu inachungulia, hiyo moja imewekwa kisanduku cha mbele au cha nyuma? Ikishajua, inajipanga hivyohivyo. Haibishani, haimfokei mtu. Mimi ningeweza?

Jumatatu tukaja sote, na Zofka, sijui alialikwa na nani. Limashine likanguruma, likanyamaza. Profesa akainamia kioo, akatusomea kwa Kislovenia chake cha kuungaunga: "Kilo... moja."

Watu wazima tukakumbatiana kwa ajili ya moja. Zofka akanibusu, nami, Mungu anisamehe, nikambusu.

Neža wangu, hongera. Nanyi mlionitegea masikio, asanteni sana, nakaa.