Mkunga Aliyesahau Maji

Mapadri, ndugu, jamaa na majirani, kaka yetu mkubwa ndiye aliyepangwa kusoma, lakini sauti imemkauka, kwa hiyo nimesukumiwa mimi, kitinda mimba wa marehemu, na msinishangae kuniona mkavu hivi, tangu Jumanne sisikii kitu moyoni.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akabatizwa wiki hiyohiyo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akahitimu ukunga mwaka 1973, na tangu hapo hadi kustaafu kwake Desemba 2011 alifanya kazi wodi moja tu, ya wazazi, ile yenye milango ya bluu isiyofunga vizuri. Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na baba yetu, naye sasa ni marehemu, dereva wa gari la wagonjwa aliyependa kutamba kwamba siku ile ndiyo pekee aliyoendesha polepole, wakajaliwa watoto watatu.

Vichanga walioonekana hawana muda, wazazi wakiridhia, aliwabatiza mwenyewe, kama Kanisa linavyomruhusu mtu yeyote panapokuwa na hatari ya kufa, kwa maji ya kikombe cha bati kilichokaa dirishani, hadi wenzake wakambandika jina la Mama Kikombe, naye akiwaambia wazazi kwamba mbinguni ni kumwona Mungu uso kwa uso, na mtoto wao ameshafika, basi.

Tarehe 2 Juni 2008, saa nne asubuhi, nilijifungua mimi, mama akiwa zamu, binti yangu akatoka hapumui vizuri, mama akampulizia, akambonyeza kifua kwa vidole viwili, dakika ishirini nzima, na mtoto alipokata roho ndipo mama alipokumbuka maji, na aliyekwisha kufa habatizwi. Jamani, nani alijali maji! Mimi sikujali, lakini yeye alimfuata kila padri aliyehamia parokia yetu, wote wakamjibu lilelile, kwamba Kanisa linamkabidhi mtoto kama huyo kwa huruma ya Mungu na tunayo sababu ya kutumaini, akaitikia vizuri tu, kisha jikoni akanung'unika kwamba watoto wa watu aliwapa uhakika, mjukuu wake akamwachia matumaini.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024, akalazwa mara tatu, na wiki ya mwisho, akiwa ameshapakwa mafuta ya wagonjwa, aliniuliza kama namlaumu, nikamwambia ale kwanza, tutaongea, nikaenda kuosha bakuli. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa tisa alasiri, hatujaongea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopokezana nasi kumlinda, na wakunga wenzake mliokuja na sare zenu.

Mama, jibu ni hapana, sijawahi kukulaumu, nilikuwa pale kitandani nakutazama, na kama ungeacha kumpulizia ukafuate maji, hapo ndipo ningekulaumu. Ukimkuta, usianze kumwomba msamaha, mpakate tu. Pumzika, mama, kwa amani uliyoikosa miaka yote hii.